Kampasi Niliyoipita Nimefumba Macho

Nyumba za nyuma ya gereji,
Ghorofa ya tatu.
Jumapili, 9 Agosti

Mpendwa mdogo wangu Redio,

Hujambo wewe? Lile sikio lililokuwa likikuuma limepoa? Nawe Mama, shikamoo, maana najua ni wewe unayemsomea. Miguu inaendeleaje? Sisi wazima, ila Bonge anaota meno na humu ndani halali mtu. Shemeji yako siku hizi anasinzia amesimama, spana mkononi.

Uliniomba nikazitembelee kampasi zote mbili za chuo, halafu nisikusimulie nilichokiona, bali wewe usiyeona utapita vipi. Nimekwenda. Mpaka sasa kichwa hakijatulia.

Ya huku kwetu ni jirani kabisa, kengele yao tunaisikia tukiwa jikoni. Kimya, upepo, watu wapole. Mzee wa ofisi ya wanafunzi aliniambia, "Mama, ondoa shaka. Hatatembea peke yake hata siku moja, tutamshika mkono." Machozi yalinilenga. Lakini nilipozunguka, mitaro iko wazi, kila ngazi ina kimo chake, na kutoka darasani hadi chooni ni uwanja mtupu, hakuna hata ukuta wa kupapasa. Kumbe bila huo mkono wao huendi popote.

Ya mjini niliiogopa. Honi, pikipiki, watu hawana muda wa salamu. Tuliposhuka kwenye basi, shemeji yako akanionyesha chini: njia ya vigae vyenye matuta membamba kama vidole vya mtoto, imeanzia pale pale kituoni. Nikavua viatu, nikafumba macho, Bonge mgongoni, shemeji yako nyuma ananilinda.

Redio, njia ile iliongea na nyayo zangu! Matuta marefu, endelea. Yakigeuka kuwa vinundu vya mviringo, simama. Nikasimama. Mbele yangu magari yananguruma, na kando yangu nguzo ya taa za barabarani inalia tik, tik, polepole. Mara ikalia mbio mbio na magari yote yakatulia. Mji mzima ulinisubiri mimi, mtu aliyefumba macho! Nikavuka, nikafuata vigae mpaka maktaba, nikaingia kwenye lifti, nayo ikataja ghorofa kwa sauti ya mwanamke. Bonge akaijibu.

Askari wa mlangoni alishindwa kuvumilia. "Dada, umepoteza kitu?"

"Mwache," shemeji yako akamwambia, "anasoma barabara."

"Pekupeku?"

"Ndivyo inavyosomeka."

Sikufichi, mji nao una yake. Muuza viatu mmoja alikuwa amepanga mali yake juu ya vigae, nikaisambaza yote. "We mama, huoni?" "Ndiyo, sioni!" Akacheka mwenyewe. Wewe hao utakutana nao kila siku, na si wote watakaocheka. Vyumba vya hosteli navyo ni vidogo, na kelele haziishi.

Mama, hapa usiruke, msomee yote. Najua unataka akae kwangu, nimpeleke na kumrudisha. Ningefanya, na uchovu wangu huu huu, kwa sababu nampenda. Lakini akisoma huku, kila asubuhi atakaa kitini kusubiri nimalize kunyonyesha ndipo aende darasani. Mtu mzima yule. Mimi nasema aende mjini.

Redio, uamuzi ni wako, na mwisho wa kuchagua ni Ijumaa. Wapigie simu chuoni wewe mwenyewe, asikusemee mtu. Ukienda mjini, kila Jumapili utakula kwetu. Mara ya kwanza nitakufundisha njia. Baada ya hapo sikupokei kituoni. Nitakaa ndani, mlango nimeufunga, nisikie unavyobisha hodi.

Nisalimie shangazi, babu, na jirani yetu fundi cherehani. Mungu azilinde nyayo zako, na moyo wa Mama pia.

Ni mimi dada yako akupendaye, hata kwa macho ya usingizi,
Mama Bonge