Mjomba Amenirekebishia Wastani Mimi Peke Yangu

Mpendwa Mshauri, nisaidie maana hili jambo linanikaba na sina wa kumwambia. Mimi ni msichana niliyemaliza chuo mwaka huu, na mjomba wangu, kaka yake mama, ndiye karani wa mitihani palepale chuoni, yaani ndiye anayegeuza alama zetu za asilimia kuwa wastani wa pointi, mwisho nne, ambao vyuo vya nje vinautaka. Sasa chuo chetu kina jedwali lake, somo ulilopata sabini kwenda juu ni A, pointi nne kamili, kwa sababu walimu wetu ni wagumu na tisini hatuijui hata kwa sura, lakini mjomba miaka yote anachukua kikokotoo, anagawanya asilimia kwa ishirini na tano, anagonga muhuri, basi, na mimi wa sabini na nne nikatoka na 2.96 wakati wanaopokelewa ni kuanzia 3.0. Nikamfuata ofisini, nikamwambia, "Mjomba, jedwali hili hapa, limechapishwa nyuma ya karatasi ya matokeo," akalisoma mara mbili, akavua miwani, akafunga mlango, akasema, "Mwanangu, usiniumbue, nimebakiza miezi minne nistaafu. Yako naitengeneza sasa hivi, ila yaishie humuhumu." Nikatoka na 3.8, Mshauri, na nimeshapokelewa. Tatizo ni mwenzangu wa chumbani, mwenye sabini na tatu, wamemkataa kwa 2.92, ana hadi Ijumaa kukata rufaa na hajui aikate kwa hoja gani, ameshafunga vitabu kwenye boksi anasema kichwa chake kizito, na mimi namwambia pole. Mama naye ameapa nikimtaja mjomba, aliyenilea tangu baba afariki, nisikanyage kwake. Nifanye nini?

Mpwa wa Karani

Mpwa wa Karani,

Ilibidi niinuke nizunguke meza kwanza, hasira zilinipanda. Unamwambia pole! Pole ya nini, na dawa unayo mkobani? Nakuonea huruma, kubanwa na mama na mjomba si mchezo, na hesabu hukukosea wewe. Lakini tangu utoke mle ofisini na karatasi mpya, huku kunyamaza ni kwako.

Na huyo mjomba! Angegundua kosa akasema, ningemtetea. Amegundua, akafunga mlango, akamwokoa mtoto wa dada yake, akawaacha watoto wa watu. Miaka yote hiyo! Wangapi wamerudi makwao wakijiona wajinga kwa sababu mtu mzima mwenye muhuri hakugeuza karatasi?

Sasa sikiliza. Leo, si kesho, mkalishe mwenzako umwonyeshe karatasi zako zote mbili na lile jedwali. Kisha nenda kwa mjomba, shikamoo na adabu zako zote, umwambie kesho saa tatu asubuhi mtakuwa mlangoni kwa msajili, na kwamba akitangulia kukiri mwenyewe itamsaidia. Dai barua ya masahihisho papo hapo, muiambatanishe na rufaa. Mwambie msajili wote waliopigiwa hesabu ya kikokotoo watafutwe. Mama akinuna, mwache anune, mwambie nimekutuma mimi. 3.8 yako ni halali, hakuna wa kukunyang'anya.

Ila ukinyamaza hadi Jumamosi, usiniandikie tena. Mwandikie huyo mwenzako, umweleze kwamba ulikuwa unajua.