Kimya Kabla ya Marahaba

Mpendwa mshauri, mimi ni msomaji wako wa hapa Bariadi, naomba unisaidie na unijibu katika gazeti la wiki hii, kwa sababu Jumapili baada ya misa wazee wa upande wangu wanatoka Nyashimo kuja kukaa na wazee wa mume wangu, na mimi ndiye niliyewaita, nataka niwaambie mbele ya wote kwamba mume wangu ananidanganya na mimi narudi kwetu na mtoto wangu.

Mume wangu anaitwa Zengo, ni fundi umeme, tangu msimu wa pamba uishe yuko Mtwara kwa mkataba, na alipoondoka tulikubaliana tuonane kwa simu ya video kila jioni ili binti yetu Salu asije akamsahau baba yake. Siku hizi soko ni huria, kampuni za intaneti zimejaa stendi, kila moja na hema lake na spika zake, nikachagua moja ambayo sitaitaja, fundi wao Januarius akaja asubuhi akafunga rauta sebuleni akapima mbele ya macho yangu, akanionyesha namba thelathini na nane akasema, "Mama, hii ndiyo kasi ya kupakua, hapo umemaliza, video itapita bila shida." Nikamwamini. Sasa nakuuliza mshauri, kama intaneti ni nzuri hivyo, kwa nini mume wangu nikimwuliza swali ananyamaza kwanza?

Namwuliza, "Uko na nani hapo?" ananitazama tu, amenikodolea macho, ndipo anasema, "Niko peke yangu, mama Salu." Namwuliza amekula nini, ananyamaza, ndipo anataja ugali na dagaa, na mtu aliyekula ugali na dagaa anahitaji kufikiri nini? Nikimpata asubuhi kabla hajaenda kazini anajibu upesi kabisa, nikajiuliza kwa nini asubuhi ulimi ni mwepesi na jioni ni mzito, jibu nikalipata mwenyewe, kwamba huyo mwanamke anakuja jioni na asubuhi ameshaondoka. Na nikimpigia simu ya kawaida ya sauti, hata iwe jioni, anajibu papo hapo, kwa sababu huko simwoni uso, na kumdanganya mtu asiyekuona ni rahisi.

Shemeji yangu Shigela, mdogo wake Zengo, tunakaa naye hapa nyumbani, ana kibanda cha kuwawekea watu filamu kwenye flashi na kila jioni kompyuta yake inakuwa hapo sebuleni ikipakua filamu za kuuza kesho yake. Akaniambia, "Shemeji, huenda ni mtandao tu." Nikajua anamtetea kaka yake, damu nzito kuliko maji. Nikaamua kupima mwenyewe jioni ile ile, Shigela akiwa anaendelea na filamu zake, nikabonyeza kipimo kile kile cha Januarius. Kasi ya kupakua ilishuka ikawa ishirini na moja, sawa, lakini kuna namba nyingine wanaiita ping, ambayo siku ya Januarius ilikuwa arobaini na moja tu, na jioni hiyo ilikuwa elfu moja mia mbili na sitini. Umeona mwenyewe ilivyopanda. Maana yake jioni intaneti yangu ina nguvu kuliko asubuhi, basi anayekawia ni yeye. Tena chini ya namba hizo pameandikwa Mwanza. Mimi niko Bariadi, yeye anadai yuko Mtwara, sasa Mwanza kuna nani? Nitakwambia kwa uchungu, kuna Winnie, aliyekuwa mchumba wake kabla yangu.

Kilichonimaliza ni cha mtoto. Salu alishika simu akasema, "Shikamoo baba," Zengo akamtazama kama hamjui, mtoto akarudia, "Shikamoo," ndipo marahaba ikaja ikagongana na hiyo shikamoo ya pili. Salu akaniuliza, "Mama, baba amekasirika?" Kwetu hapa hata mtu mliyegombana naye ukimsalimia kwa Kisukuma "mwadila" anaitikia kwanza, ugomvi unafuata baadaye.

Halafu sasa amenigeuzia kibao. Ananiambia, "Mbona nawe ukiulizwa unafikiri kwanza?" na siku moja akataka nizungushe simu aone sebule yote, mimi nikakasirika, maana mwenye hila ndiye anayeona hila kwa wenzake. Juzi akaniuliza, "Bado unanisubiri?" Nikamjibu hapo hapo, sikusita hata kidogo, nikasema, "Nakusubiri." Akainamisha kichwa chini, na simu ikakatika. Mtu anaambiwa anasubiriwa, yeye anaona aibu na kukata simu, huo si ushahidi? Tangu hiyo juzi hajapiga, na mimi sijapiga. Nishauri namna ya kuwaeleza wazee hizi namba ili wasiseme ni wivu wa mwanamke.

Mama Salu, Bariadi.

MSHAURI FELISITA ANAJIBU

Mama Salu, pole. Nimesoma barua yako nikacheka, nikairudia nikakasirika, na mara ya tatu nikakuonea huruma. Una akili ya upelelezi, mama, lakini umeshika faili kichwa chini miguu juu.

Mimi si mtetezi wa wanaume, na wanaonisoma wanajua. Sina namna ya kuapa kwamba Zengo ni malaika. Ninachoweza kukuambia ni kwamba ushahidi uliouleta hapa haumfungi yeye, unaifunga rauta yako. Nimewauliza wanaofunga mitambo hii kabla ya kukujibu, kwa hiyo tulia unisikilize.

Januarius alikuonyesha namba anayouzia. Hakudanganya, ila alikuonyesha nusu. Ile thelathini na nane inasema mzigo kiasi gani unaweza kupita kwa wakati mmoja. Haisemi neno lako litachukua muda gani kwenda na kurudi. Hilo linasemwa na ping, na ping, mama yangu, ni muda. Muda ukiongezeka unashangilia nini? Namba hiyo inatakiwa iwe ndogo. Wanaihesabu kwa vipande vya sekunde, elfu moja ndiyo sekunde nzima. Arobaini na moja ya asubuhi huwezi hata kuihisi. Elfu moja mia mbili na sitini ya jioni ni zaidi ya sekunde nzima ya kimya, na video nayo ina kukawia kwake juu ya hapo. Wewe ukaona imepanda ukadhani umepata maksi nyingi.

Na imepanda kwa nini? Umeandika mwenyewe, kwa mkono wako. Umekaa Bariadi, umeona msimu wa pamba malori yakipanga foleni kwenye lango la kiwanda. Mtu wa baiskeli mwenye furushi moja akifika nyuma yao anasubiri kama wao, hata lango liwe pana vipi. Filamu za Shigela ndizo malori. "Shikamoo baba" ya Salu ndiyo baiskeli. Asubuhi kompyuta ya Shigela imezimwa na Zengo anajibu upesi. Jioni imewashwa na Zengo anakawia. Ukipiga simu ya kawaida, ambayo haipiti kwenye rauta yako, anajibu papo hapo. Kila mara jibu lilikuwa mbele yako, na kila mara ukamweka mwanamke mahali pa kompyuta. Na Shigela alipokuambia ukweli ukamwita mtetezi, wakati alikuwa anajishtaki mwenyewe bila kujua.

Mwanza ni mahali ulipo mtambo ambao kipimo kilichagua kupimana nao, basi. Winnie wa watu mwache alipo, hana habari na wewe.

Lakini tufanye huamini namba, hukuzisomea. Chukua marahaba. Mwongo ananyamaza ili atunge. Sasa niambie, baba anatunga nini kabla ya kumwitikia mwanawe shikamoo? Marahaba haina uongo ndani yake. Hakuna mwanaume, hata yule mbaya kuliko wote walioandikwa katika safu hii, anayehitaji kufikiri kwanza ili aseme marahaba. Kama hata marahaba ilichelewa, basi kila kitu kilichelewa, cha kweli na cha uongo pamoja. Wewe ulilileta hilo kama kosa kubwa kuliko yote, kumbe ndilo lililomtoa mahabusu.

Basi fanya hivi. Leo jioni mwambie Shigela asimamishe filamu zake, pima, soma ping peke yake. Aendelee nazo, pima tena. Namba zikiachana kama zile ulizoniandikia, umempata mchawi wako. Baada ya hapo Shigela atapakua filamu mkiwa mmeshamaliza kuzungumza, na asipotaka atafute rauta yake, amekuwa mtu mzima. Wazee wa Nyashimo wapigie simu uwaambie wasije. Ukiona aibu kusema sababu, useme umekosea, haiui. Itakuwa aibu kubwa zaidi ukisimama mbele ya wanaume wenye mvi ukawasomea elfu moja mia mbili na sitini kama jina la hawara. Siku ukiwa na shaka ya kweli, ukamwona mtu au ukasikia sauti, niandikie, sitakuficha ninachofikiri.

Na sasa lile ambalo hukuniuliza. Kimya hiki kina pande mbili, mama Salu. Unavyomwona yeye anasita, ndivyo anavyokuona wewe unasita. Alipokuambia "mbona unafikiri kwanza" hakuwa anageuza kibao. Alikuwa Mtwara, peke yake au si peke yake mimi sijui, anamwuliza mke wake maswali na kila jibu linachelewa, naye pia ameanza kumwogopa mtu aliyeko nyuma ya simu. Ndiyo maana alitaka kuiona sebule. Mmekaa mnapelelezana wote wawili, mkiwa na ushahidi ule ule.

Juzi alikuuliza kama bado unamsubiri. Ulijibu hapo hapo, nakuamini. Lakini kwake kulikuwa kimya. Alingoja, akaona midomo yako haijafunguka, akainamisha kichwa, na simu ikakatika jibu lako likiwa bado kwenye foleni nyuma ya filamu za Shigela.

Usingoje jioni kwa hili. Weka gazeti chini, mpigie kwa simu ya kawaida, na uanze na neno ulilomwambia juzi. Kwa nionavyo, hajalisikia.