Taa Uliyoisifia Gulioni

Fundi,

Shikamoo. Marahaba yako sitaisikia, ila siwezi kuanza kukugombeza bila salamu. Tangu tukuzike nimelia vya kutosha. Sasa nina hasira, na wa kuzipokea ni wewe.

Unaikumbuka ile taa ya sola yenye redio ndani, tochi ubavuni na sehemu ya kuchaji simu? Wewe, fundi redio wa Runazi nzima, ulisimama gulioni ukaiinua juu ukasema, "Kitu kimoja, kazi nne. Nyumba itapumua." Watu wakaamini kwa sababu ni wewe. Redio zao wakawauzia wanunuzi wa vyuma chakavu, tochi wakawapa watoto wachezee. Na mimi mwanafunzi wako, bisibisi zako mkononi, nikapiga makofi.

Kisha ukafa, ukaniachia meza.

Sasa taa zile zinakuja mezani, Fundi. Betri ikifa, redio kimya, tochi giza, simu haichaji. Hazina hata skrubu moja, zimebanwa kwa gundi tupu. Zile redio mbovu za chini ya meza tulimokuwa tunatoa spea hazisaidii kitu. Basi mtu anaitupa kwenye migomba, ananunua nyingine, na safari hii anaongeza tochi pembeni na redio ndogo pembeni, asije akakwama tena. Nyumba ina vitu vingi kuliko zamani, na shambani kuna plastiki. Ndiko kupumua huko?

Na mimi nimekulinda kwa uongo. Kila aliyeleta nilimwambia, "Umeilowesha." Hata Mama Verediana, yule mjane jirani yako, aliyeuza redio ya marehemu mumewe kwa neno lako. Akaniomba msamaha. Mimi! Akasema atauza maharage yake ya mbegu anunue taa nyingine, na hiyo ataitunza.

Nilishindwa kuvumilia. Nikachukua msumeno, nikaikata mbele yake. Redio nzima, tochi nzima, imekufa betri tu. Redio nimeifunga ndani ya kidumu cha mafuta ya kula, inatumia betri za dukani, na inaongea vizuri. Nikamwambia, "Mama, hukuilowesha. Fundi alikosea, na mimi nimekudanganya."

Mkeo alikuwa amekaa pale pale. Hajanisemesha tangu siku hiyo, Jumatatu.

Inaniuma, kwa sababu nakupenda, na kwa sababu hukubaki hai ukasikia malalamiko mwenyewe. Lakini nakuahidi: gulio lijalo nitasimama uliposimama, nitawaambia wote ulikosea, na anayetaka taa yake ikatwe ailete. Mkeo akiitaka meza, aichukue, nitafanyia kazi chini.

Lala, mzee wangu. Najua wewe ungenifukuza kwa kuwadanganya wateja, si kwa kutaja kosa lako.

Anitha