Mguu wa Kwanza Dukani

Ijumaa, 2 Februari

Leo tumeisindikiza miungu ya jiko kwenda mbinguni na ripoti ya mwaka. Nimeipa peremende za karanga na ufuta, zile zinazonata, ipate shida kidogo kufungua mdomo. Yapo mambo yangu ya mwaka huu ambayo mbinguni hawana haja nayo. Kama ile karatasi niliyomchomea Bi Que.

Lakini alijitakia! Bi Que ana duka kama langu, ng'ambo ya barabara — vifungo, nyuzi, zipu, lasi. Mwaka jana, siku nafungua baada ya sikukuu ya Tet, mwaka wetu mpya, yeye ndiye akawa mtu wa kwanza kuingia. Akapapasa vifungo sita, akauliza bei ya vyote, akasema ngoja akafikirie, akatoka. Kisigino chake hakijavuka kizingiti, mimi nimeshawasha karatasi nafukiza rafu kuondoa nuksi. Haikusaidia. Mwaka mzima mafundi cherehani wamepita mlangoni kwangu kama hatujuani.

Nimemwahidi mwanangu: mwaka mwingine wa namna hii, nafunga duka nahamia kwake Bien Hoa. Mkwe wangu ameshanionyesha chumba. Dirisha linatazama ukuta. Sitaki. Miaka thelathini na moja nimekaa nyuma ya kaunta hii, nataka nizeekee hapa hapa.

Kwa hiyo safari hii mguu wa kwanza, yule anayetangulia kuingia mwaka ukianza, siachii bahati. Namtaka Kaka Thoai, kinyozi.

Jumapili, 4 Februari

Thoai amezaliwa mwaka wa Tumbili. Mwaka unaoingia ni wa Joka, na hao wawili wanapatana sana. Mke yupo, meno yapo, hucheka hata akiwa peke yake. Mtu mwenye nyota kama hiyo mtaa mzima unamgombania.

Nimemkuta ananyoa mtu ndevu.

"Umechelewa, Dada Nhan. Bi Que kaniwahi tangu Jumatano."

"Kakupa nini?"

"Bata."

"Mimi nakupa nyama ya nguruwe na mayai, sufuria nzima. Na pombe ya mchele, chupa mbili."

Wembe ukasimama hewani. Mteja shingo juu, hapumui.

"Dada, mguu wa kwanza ni mmoja tu."

"Basi yeye mpe wa kushoto."

Alicheka mpaka akaweka wembe chini. Lakini hakukubali. Kashaahidi, eti. Mwanamume mwenye msimamo, siku ambayo simhitaji awe nao!

Jumanne, 6 Februari

Usafi wa mwisho wa mwaka. Nimeshusha kila boksi. Vifungo visivyo na wenzake vimejaa kopo zima — vingine sikumbuki hata nilivinunua enzi gani.

Mama Sen muuza samaki kaja kununua lastiki. Nikamnong'oneza — sijui neno lilitoka wapi, lilitoka tu — kwamba Thoai wala si Tumbili. Ni Mbwa. Makaratasi ya zamani yale, wakati wa vita, nani alikuwa anahakikisha? Na Mbwa na Joka hawaivi chungu kimoja, kila mtu anajua. Nikamwomba asimwambie mtu. Kwa Mama Sen hiyo ni sawa na kumkabidhi kipaza sauti.

Saa sita mchana Bi Que alikuwa kibarazani kwake, mikono kiunoni, uso kaukunja. Nimekula wali wangu huku natabasamu.

Alhamisi, 8 Februari

Bi Que kamtema Thoai! Sasa mtu wake ni mwalimu mmoja wa hesabu, mwaka wa Jogoo. Haya.

Mchana Thoai akaja mwenyewe. Akakaa kwenye kigoda changu, kofia magotini.

"Nyumba tano zimenikataa, dada. Hata binti yangu. Ananiambia, baba, asubuhi ya mwaka mpya usije, njoo alasiri."

Hakucheka. Sikuwahi kumwona bila kucheka, sura yake kumbe ni ya mzee.

"Na wewe useme tu. Sitakasirika."

Nikamwambia aje, mimi sijali maneno ya watu. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Masikio yaliniwaka moto kwa aibu. Ningeweza kusema pale pale. Badala yake nikamfungashia nyama na mayai.

Ijumaa, 9 Februari

Nimefagia mara ya mwisho. Ufagio nimeuficha, mtu asije akafagia nje bahati ya mwaka mpya. Duka limefungwa mpaka siku ya nne ya mwaka, saa moja asubuhi. Nimepata nilichotaka, na sahani yangu ya nyama nimeifunika bila kuigusa.

Jumanne, 13 Februari

Saa moja kasoro dakika kumi. Thoai yuko nje, namwona kwa tundu la mlango wa bati. Shati jeupe, viatu vinang'aa. Kifungo cha tumboni hakipo — amekikata mwenyewe kwa mkasi wake wa kazi, anasema, ili awe na cha kununua kwangu.

Lakini hataki kuingia. Anaongea na bati.

Jana alikwenda Lai Vung kwa shangazi yake, mwenye miaka tisini na moja, amtolee ushahidi uvumi uishe. Shangazi kamwambia cheti cha kuzaliwa alichonacho si chake. Ni cha kaka yake, aliyefariki mchanga. Yeye Thoai alizaliwa miaka miwili baada yake, akapewa karatasi ile ile.

"Mimi ni Mbwa, dada. Watu walisema kweli. Sijui walijuaje."

Nimekohoa tu.

"Wewe peke yako hukunikataa. Siwezi kukuingilia na nuksi kimyakimya. Sema niende, nitakwenda. Sema niingie, nitaingia."

Bi Que ametoa kiti kibarazani. Amekaa, anatazama. Mwalimu wake keshaingia na keshatoka, na mfuko mkononi.

Mwanangu atapiga simu saa mbili kuuliza nimefunguaje mwaka.

Thoai ameuliza tena, polepole, kama bado nipo. Nimemwambia angojee kidogo, natafuta ufunguo.

Ufunguo uko hapa, juu ya daftari.