Panya wa Rafu ya Juu

Jumatatu, 3 Februari

Leo nimeagana rasmi na kuosha vizimba vya maabara. Mimi sasa ni mpimaji! Kazi yenyewe: unamshika panya mweupe, unamweka juu ya sahani ya chuma inayopashwa kwa umeme — si moto wa kuunguza, ni kama bati la paa saa saba mchana — unabonyeza saa. Akilamba mguu wa nyuma unabonyeza tena, unamtoa hapo hapo. Unaandika sekunde. Ikifika thelathini hajalamba, mtoe tu, hata kama anajitia ushujaa. Basi. Watu wamesoma miaka ishirini kwa ajili ya hicho! Mimi kidato cha pili nilikiacha njiani, na kidole changu kina kasi kuliko vyao vyote.

Daktari (hatibu mtu, ni daktari wa vitabu) ametengeneza dawa ya maumivu. Panya wa chupa A na panya wa chupa B: kundi moja linapewa dawa, lingine maji. Nani anapewa nini anajua yeye peke yake, jibu amelifungia kwenye bahasha. Eti tukijua tutapendelea. Nikamwambia mimi sina upendeleo, panya wote wananichukia sawasawa. Akacheka. Daktari akicheka anafunga macho kama mtoto.

Mama keshawatangazia majirani kwamba mwanawe ni daktari wa panya. Mmoja ameuliza kama naweza kupita kwake, panya wake wamekonda. Ha!

Jumanne, 4 Februari

Mwenzangu kazini ni Dada Miwani. Mfupi, miaka kumi humu ndani, ulimi wembe. Ananiita Profesa wa Kidato cha Pili.

Sheria ya Daktari ni kupokezana: panya niliyemshika mimi leo, kesho amshike Dada Miwani, na aliyeshika atie saini kwenye fomu. Sheria nzuri — kwenye karatasi. Vizimba vya A viko rafu ya juu, vya B rafu ya chini, na kigoda cha kupandia kimevunjika mguu. Dada Miwani akinyoosha mkono anashika hewa.

"Mdogo wangu, wewe mlingoti," akasema, "shika wa juu, mimi wa chini. Saini tutapokezana kama anavyotaka, roho yake itulie."

Nikasema barabara. Sahani ni moja, kwa hiyo yeye anapima asubuhi mimi nikiwa bado stoo, mimi napima mchana. Akili kama hiyo chuoni hawafundishi.

Alhamisi, 20 Februari

Niandike hili lisije likasahaulika duniani: panya wangu wanakaa kwenye sahani sekunde kumi na nne, kumi na tano. Wa Dada Miwani tisa. Kumi wakijitahidi sana.

Nikamwambia ni mkono mwepesi, Dada, wa kwako ni wa kukamulia nguo.

"Wa kwangu umelea watoto watatu. Wa kwako haujalea hata masharubu."

Nimelikumbuka jibu njiani narudi nyumbani, zuri kweli, lakini nani wa kumwambia?

Ijumaa, 7 Machi

BAHASHA IMEFUNGULIWA! A ni dawa. Wangu! Daktari aliipiga meza makofi, akamkumbatia Dada Miwani, akanikumbatia mimi, nusura aikumbatie na ile sahani. Miaka mitatu, anasema. Dawa mbili za kwanza hazikufanya kitu, na watu wakaanza kumwambia aache, akafundishe watoto hesabu. Macho yalikuwa yamemlowa. Nikajitia kufuta saa.

Wageni wanaogharamia utafiti wanakuja Ijumaa ijayo. Wakiridhika, kazi inaendelea, na mimi napewa barua ya ajira ya kudumu. Barua! Yenye mhuri! Mama ataitundika ukutani juu ya picha ya marehemu baba, na baba atasogea kidogo kuipisha.

Jumatatu, 10 Machi

Tumbo. Sikwenda kazini. Sisemi zaidi, hata humu.

Jumanne, 11 Machi

Nimerudi. Nimekondeana lakini bado mzuri.

Dada Miwani akanivuta stoo, akafunga mlango. Jana alipindua ndoo, akapanda, akawapima mwenyewe panya wa juu. Sekunde tisa. Nane. Tisa. Dawa ile ile, kipimo kile kile.

"Umewanong'oneza nini hawa?"

Nikawapima mimi leo. Kumi na tano! Nikamzunguka nikicheza, nikamwambia ubingwa hauazimwi. Hakucheka. Dada Miwani akikosa kucheka, ujue pana jambo.

Jumatano, 12 Machi

Leo Daktari alikuwa kwenye kikao, tukafanya jaribio letu sisi. La kidato cha pili.

Kwanza nikawashika panya wa B, wale wa maji. Maji matupu! Kumi na nne.

Kisha nikatoka nje, nikaiacha juu ya kiti fulana yangu ya jana, aliyoniambia Dada Miwani nije nayo. Akawapima yeye. Kumi na tatu.

Fulana ikatolewa, madirisha yakafunguliwa, tukasubiri saa nzima. Akapima tena. Tisa.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Jasho langu linaondoa maumivu! Nikamueni mnitie chupani!

"Haliwaondolei kitu," Dada Miwani akasema. "Linawatisha. Wakisikia harufu yako wanajua dume kubwa limeingia. Mwili unasahau mguu."

Nikakumbuka mwaka ule nilipokimbizwa na mbwa. Nilikanyaga msumari, nikaruka ukuta, nikafika nyumbani, nikaanza kusimulia, ndipo Mama akauliza hiyo damu ni ya nani. Kweli. Sikuhisi kitu.

Hapo kicheko kikaniishia. Kama maji na fulana yangu vinafanya kazi sawa na dawa, dawa inafanya nini? Na kama Daktari angeona kwenye fomu kwamba wa juu wote nawashika mimi, na wa chini wote Dada Miwani, angeligundua wiki ya kwanza. Hakuona. Saini zetu zinapokezana vizuri, moja mimi moja yeye, kama mistari ya shuka.

Alhamisi, 13 Machi

Nimemwambia Dada Miwani tukaseme. Alikuwa anasugua kizimba, hakuinua kichwa.

"Wewe ukifukuzwa unarudi kwa mama. Mimi ndiye mama."

Nikachukua brashi, nikasugua naye bila utani. Siku ya kwanza.

Mchana Daktari akaniletea koti jeupe, jipya, la urefu wangu. Eti kesho mimi ndiye nitakayemshika panya mbele ya wageni, mikono yangu ina baraka. Nimelijaribu kwenye kioo cha choo. Limenikaa! Hata masharubu yameonekana kidogo.

Mama amelipiga pasi mara mbili. Sijamwambia. Nimeoga mara tatu, na sijui nimeoga kwa nini.

Ijumaa, 14 Machi

Saa mbili asubuhi nilimkuta Daktari anapanga viti. Nikasema kabla miguu haijanikimbiza. Rafu, saini, fulana, vyote. Akabaki ameshika kiti.

"Nani aliamua mgawane rafu?"

"Mimi."

"Na saini za mwenzako? Kaziweka nani?"

"Mimi. Niliiga. Yeye hajui kitu."

"Muongo huyo," sauti ikatoka mlangoni. Dada Miwani, mkoba bado begani. "Jina lake mwenyewe anaandika likiwa limepinda, ataiga langu? Niliweka mimi, Daktari. Zangu zote."

Nilitaka kumziba mdomo. Akaja akasimama karibu yangu, kichwa chake begani kwangu hakifiki, akasema chinichini, "Na wewe koti umelifunga vifungo upandeupande."

Daktari hakupiga kelele. Heri angepiga. Alileta fomu zote, akakaa juu ya ile ndoo iliyopinduliwa, akaanza tarehe nne Februari. Anauliza mstari mmoja mmoja.

"Panya wa kwanza, huyu, nani alimshika?"

"Mimi."

"Kesho yake?"

"Mimi."

"Hapa pana saini yake."

"Mimi, Daktari."

Akifika wa chini anajibu Dada Miwani. Mimi, mimi, mimi. Tumekuwa kama watoto wanaoitwa majina darasani.

Simu imelia: wageni wapo getini. Akasema wapandishwe. Si "warudishwe", si "wasubiri" — wapandishwe! Kisha akatuambia tukae, tunyamaze. Nikikaa bure nitaongea, kwa hiyo naandika hapa, nyuma ya vizimba.

Viatu vinasikika koridoni. Vingi. Daktari amerudi fomu ya kwanza kabisa. Amepandisha miwani yake juu ya kichwa, kidole kipo kwenye saini. Ananyoosha mkono upande wangu bila kuniangalia. Anataka kalamu, aandike aliyeshika kweli, wageni waone. Chumba kizima kalamu ni hii m