Mshale wa Tumboni

Fairfield, Sydney
5 Mei 2024

Baba, shikamoo.

Natumai tumbo limetulia japo kidogo. Sisi huku wazima, ila tumechoka. Fawzia anakusalimu, na watoto nao wanakusalimu kwa Kiingereza chao. Naandika kwa sababu kwenye simu husikii, nami nikipaza sauti mke wangu anadhani tunagombana. Ukijibu, mpe dada Amne karatasi aipige picha anitumie.

Jana nilikwenda kuwinda. Cheka tu. Njenga, Mkenya ninayefanya naye kazi ghalani, ana rafiki mwenye shamba nje ya mji, na kule diya wamezidi, wanamaliza malisho ya ng'ombe. Diya ni mfano wa kulungu wetu, ila dume lake lina pembe zenye matawi. Njenga ndiye aliyenifundisha upinde wa huku, wenye roda za kuvutia kamba. Asubuhi akatokea jike, akasimama ananitazama. Nikasema Bismillah, nikaachia.

Mshale ukaingia tumboni, Baba, ukatokea ubavuni. Njenga akauokota, una majimaji ya kijani na unanuka. Akasema, "Bro, hapo umegonga matumbo. Wacha tukae chini mpaka mchana, atalala mwenyewe." Mimi nikaona akifa bila kuchinjwa atakuwa mzoga. Nikachomoa kisu, nikakimbia. Nikamkuta amelala kwenye majani, akainuka. Nikamfuata, nikamkuta amelala tena, akainuka tena. Akavuka mto, na damu ikapotea. Tulitafuta mpaka jua likazama. Hata chakula hakipiti, namfikiria yuko wapi na tumbo lile.

Kuhusu kwenda kutibiwa Dar, tafadhali kubali. Hapo Tanga madaktari wamesema hawana zaidi. Ningekuja kukupeleka mwenyewe, lakini viza yangu bado ni ya kusubiri, nikitoka sirudi kwa wanangu. Nenda, Baba.

Mwanao,
Mwadini

Tanga
19 Mei 2024

Mwanangu Mwadini,

Marahaba. Mimi nipo, na tumbo nalo lipo, tunaishi kama wake wenza.

Nimecheka, kisha nimekasirika. Nimewinda Handeni tangu sijaota ndevu, na mwanangu anampiga mnyama anayemtazama! Akikuelekea hivyo, mbele yako kuna mfupa wa kifua, na mkono ukiteleza kidogo tu unaangukia matumbo. Subiri akupe ubavu. Subiri tena ausogeze mbele mguu wa mbele wa upande huo. Hapo piga nyuma ya bega, chini kidogo ya katikati, ndipo yalipo mapafu. Asipokupa ubavu, rudi nyumbani ukale mchicha.

Hilo la kisu ndilo lililoniudhi zaidi. Bismillah ulishaisema ulipoachia mshale. Ungemkuta hai, ungemchinja. Ungemkuta amekufa kwa mshale wako, ni halali, mle. Nani alikutuma ukimbie? Aliyepigwa tumboni haendi mbali, hulala. Ukimwacha atafia pale pale. Ukimwendea anainuka na maumivu yake yote. Mkenya wako alisema kweli, na wewe hukumsikiliza.

Dar nitakwenda, kwa sababu Amne analia.

Baba yako

Fairfield
30 Juni 2024

Baba, shikamoo.

Pole sana. Amne ameniambia wamekufungua tumbo, wakaona hakuna la kufanya, wakakufunga. Usivunjike moyo. Kuna daktari Nairobi anayesifika kwa matumbo, na binamu wa Njenga anafanya kazi hospitali hiyo, ameshatuombea nafasi. Kuna pia dawa ya unga niliyoiona kwa Mlebanoni mmoja Bankstown, nitaituma. Amne anasema hutaki kuzungumza habari hizo. Tafadhali, zungumza.

Nilirudi kule shambani. Kunguru ndio waliotuonyesha. Alifika mbali mno, ng'ambo ya mto, kwenye miiba, na yamebaki manyoya na mifupa. Nami sina hamu tena ya kushika upinde.

Mchana nabeba maboksi, jioni nasafisha ofisi. Niko hoi, lakini kwa hili sichoki. Nijibu basi.

Mwanao,
Mwadini

Dar es Salaam
9 Julai 2024

Mwanangu,

Marahaba. Naandika nimelala, usiucheke mwandiko.

Nilipoondoka Tanga nilikuwa natembea mwenyewe mpaka msikitini. Sasa nabebwa kwenda chooni. Nilikuwa nimelala nyumbani, mkaniinua. Nimelala hapa, mnataka kuniinua tena. Naijua nia yako. Una kisu mkononi, unadhani unawahi. Lakini mimi nimepigwa tumboni, Mwadini, na wewe umeshaona kwa macho yako mnyama wa namna hiyo akifukuzwa anafia wapi.

Nimechoka. Sitaki Nairobi. Nataka kitanda changu.

Baba yako

Fairfield
11 Julai 2024

Baba, shikamoo.

Barua yako nimeisoma kwenye treni, nikapitiliza kituo changu mpaka Liverpool, ile ya hapa Sydney. Nilikukasirikia siku nzima. Kisha nikakaa jikoni nikalia, na Fawzia akanifungia mlango watoto wasinione.

Nimewaambia wa Nairobi basi. Amne amepata gari, atakurudisha Tanga taratibu, na njiani mtapumzika kila utakapotaka.

Nikwambie ukweli. Naogopa utaondoka mimi sipo. Nikiwa napiga simu huku na huku, kwa daktari huyu na yule, najiona kama nipo. Nikiacha, nabaki mtu tu aliyekaa nchi za watu wakati baba yake anaumwa. Nisamehe kwa kukusumbua. Naomba radhi yako, Baba, na kama mkono bado una nguvu, uiandike mwenyewe.

Mwanao,
Mwadini

Tanga
20 Julai 2024

Mwanangu,

Marahaba. Radhi unayo, hata kabla hujaiomba.

Nimefika. Leo nimekunywa uji, Amne ni shahidi. Dirisha liko wazi, nawasikia watu wakitoka msikitini, na wengine wanaingia kunisalimu.

Adhuhuri usipige simu, nitakuwa nimelala.

Baba yako