Kilemba Sikukivua

Ijumaa, baada ya Isha

Na bado sikio la kulia linalia. Nnasikia nzi tu, tangu asubuhi.

Yote kwa sababu ya kunguru. Miaka nawahadithia jamaa zangu kuwa Unguja nilimpiga kunguru jichoni, kwa risasi moja, naye yuko juu ya mnazi. Basi mpwa wangu Nasra, ambaye hulenga shabaha kila wiki, leo akanichukua uwanjani kwao. Akanipa bastola kubwa, risasi yake nene kama kidole gumba, na vile vikombe vya kuzibia masikio.

"Mjomba, vua kilemba kwanza. Havitokaa sawa."

Mimi nivue kilemba mbele ya vijana wa huku kwetu Bawshar, wauone upara? Nikavivaa juu yake, vikaning'inia kama vipuli vya bibi harusi. Nikafyatua. Mlio ulinipita mpaka kwenye meno. Lakini ningeachaje, watu wanatazama? Nikazimaliza risasi zote sita, na karatasi ya shabaha haina hata tundu moja.

Nasra akaja upande wa kushoto, ndiko nilikobakiwa na sikio. "Kunguru kesharuka, mjomba."

Hayo nimeyameza. Ila jioni mke wangu kaniita kula mara tatu, nikamwambia nilikuwa nafikiri. Adhana ya Isha nimeijua kwa kuwaona majirani wanatoka.

Hilo ndilo linalonitisha. Kesho nakwenda kwa daktari wa masikio, na kilemba nitakivulia mlangoni, kabla hajanambia.